Kompyuta ya mtumba: Prosesa nayo inahitaji sasisho

Mwanza. Kwenye steshenari zinazowahudumia wanafunzi, kama zile za Nyegezi karibu na chuo cha SAUT, kompyuta moja ya mtumba hupokea nywila za watu wengi kwa siku: anayeomba mkopo HESLB, anayefungua barua pepe, anayetuma maombi ya ajira. Ndiyo maana prosesa kuukuu si suala la kasi tu.

Januari 2018, watafiti walitangaza kasoro mbili, Meltdown na Spectre, zilizo ndani ya prosesa zenyewe. Kupitia kasoro hizo, programu moja inaweza kuchungulia data za nyingine, nywila zikiwemo. Antivirusi pekee haitoshi hapo.

Fundi hawezi kuifungua chipu. Kinachorekebishwa ni maikrokodi, yaani maelekezo madogo yanayoiongoza prosesa. Ukizima mashine marekebisho hayo yanafutika, ukiwasha yanapakiwa upya na BIOS au na mfumo endeshi. Ni nafuu kwa mwenye mashine ya zamani: hata kampuni iliyoiunda ikiacha kutoa BIOS mpya, Windows au Linux inaweza kuleta marekebisho. Ubuntu na Debian zina kifurushi cha intel-microcode, na amd64-microcode kwa prosesa za AMD. Kwa Windows 10 mambo ni magumu zaidi, kwani Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025.

Si kila prosesa ilibahatika. Aprili 2018 Intel ilisema haitatoa marekebisho ya Spectre kwa baadhi ya familia za zamani, zikiwemo Penryn na Wolfdale zilizomo kwenye Core 2 Duo nyingi. Core i za kizazi cha pili, za mwaka 2011, zilipata.

Kujua toleo la BIOS, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32, kisha soma tarehe yake. Ukiamua kuibadilisha, pakua faili kwenye tovuti ya kampuni iliyounda kompyuta, siyo flashi ya jirani. Halafu kuna umeme. Ukikatika katikati ya zoezi, mashine inaweza isiwake tena, kwa hiyo betri ijae na chaja iwe imechomekwa. Kompyuta ya mezani bila UPS? Bora usubiri.

Yenye Core 2 Duo ibaki kuchapa na kuprinti. Miamala na nywila za wateja zihamie mashine nyingine.