UZI: "Nyumba milioni 2" na kitanda cha mwanafunzi ni hesabu mbili tofauti

1/ Kila mjadala wa nyumba humu lazima uisikie: "Kenya ina upungufu wa nyumba milioni 2." Dakika chache baadaye mtu anaongeza, "ndio maana makomredi wanateseka na keja." Hapo ndipo tunachanganya mambo. Sitaji mwanasiasa wala chama, tuangalie tu historia. Twende polepole.

2/ 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata hadhi kamili, na kilikuwa cha pekee nchini. Enzi hizo kuitwa chuo kulimaanisha kitanda, chakula na posho. Kwa hivyo kabla ya kuamua watachukua wanafunzi wangapi, wakubwa walilazimika kuhesabu vitanda.

3/ Halafu ikaja 1989. Watahiniwa wa mwisho wa kidato cha 6 na wale wa kwanza wa 8-4-4 walifanya mitihani mwaka huo mmoja. Makundi mawili, mlango mmoja. Vyuo vikajaa kupita kiasi, na vitanda navyo havizai.

4/ 1991 serikali, ikiwa imebanwa na madeni na kushinikizwa na Benki ya Dunia, ilileta mpango wa kugawana gharama. Chakula kikawa lipa ndio ule. Wanafunzi wakaandamana, vyuo vikafungwa. 1995 HELB ikaundwa kisheria. Watu hukumbuka habari ya sahani, lakini badiliko kubwa ni hili: mzigo wa kula na kulala ulianza kuhama kutoka bajeti ya chuo kwenda mfuko wa mzazi.

5/ 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kupokea wanaojilipia karo, na vingine vikafuata. Sasa chuo kingeweza kuongeza wanafunzi bila kuongeza hata kitanda kimoja. Kufikia katikati ya miaka ya 2010, tulikuwa na zaidi ya wanafunzi 500,000 wa vyuo vikuu. Bedsita zikaota Juja, Kahawa Wendani, Njoro. Jukumu la chuo likawa biashara ya landilodi.

6/ Sasa turudi kwa ile milioni 2. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 2017 kuhusu uchumi wa Kenya iliitaja: upungufu wa zaidi ya nyumba milioni 2, mahitaji yakiongezeka kwa kama 200,000 kila mwaka, huku zinazojengwa zikiwa kama 50,000. Angalia vizuri: kinachohesabiwa hapo ni nyumba za kaya. Hakuna mahali imehesabu vitanda vya wanafunzi.

7/ Na mwanafunzi mwenyewe anahesabiwa wapi? Sensa ya 2019 iliuliza ulilala wapi usiku wa kuamkia 25 Agosti. Kama ulilala hosteli, uko kwa makazi ya pamoja. Kama umepanga bedsita peke yako, wewe ni kaya ya mtu 1. Kama ulikuwa umerudi ocha, uko kwa kaya ya wazazi. Ni mwanafunzi yuleyule, ila anaweza kuangukia safu tatu tofauti. Ule wastani wa watu 3.9 kwa kaya hauwezi kukuonyesha shida yake.

8/ Hata takwimu za hosteli zenyewe zina mashimo. Aliyewahi kuishi chuo anajua habari ya 'pirate', yule anayelala chumbani na jina lake haliko kwa orodha. Karatasi inasema kitanda 1, mtu 1. Usiku wako wawili. Chuo kikisema "hosteli zimejaa" kinasema kweli, lakini hatujajua wangapi wamekosa.

9/ Kwani kuna ubaya gani namba zikichanganywa? Chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kabla ya makato mengine. Huyohuyo ndiye mzazi anayetuma kodi ya bedsita kila mwezi. Nyumba ya vyumba viwili ikikamilika, ile milioni 2 inapungua kwa moja na watu wanapiga makofi. Kitanda cha mtoto wake bado hakipo, na hakuna jedwali litakaloonyesha hivyo. Uunge mkono makato au uyapinge, hiyo hoja inabaki palepale.

10/ Kwa hivyo mtu akikurushia namba, iwe upande wako au ule mwingine, muulize: Ni ya kaya au ya vitanda? Ilihesabiwa mwaka gani? Kodi ya keja karibu na chuo inakula kiasi gani cha pesa ya HELB? Hadi 1991 serikali ililazimika kujua jibu la swali la vitanda kwa sababu ndiyo iliyolipa. Leo anayelipa ni mzazi, na ana haki ya kupewa hesabu. Mwisho wa uzi.