Mpime mtoto kabla hujamfungulia darasa nyumbani

Wazazi wanaotaka kusomesha watoto wao nyumbani huniuliza wanunue vitabu gani. Mimi huwauliza kwanza: mtoto mwenyewe anajua nini sasa hivi? Jawabu ni moja karibu kila mara: "Anahesabu mpaka mia, na herufi zote anazo." Nami nilisema hivyo hivyo kuhusu binti yangu wa mwisho alipokaribia miaka mitano, na diploma yangu ni ya elimu ya chekechea! Nilikuwa nimekosea mambo mawili, na moja lilikuwa zito.

La kwanza ni hesabu. Alikuwa akihesabu mpaka mia bila kukwama, kama anavyosoma Alhamdu. Siku moja nikamwagiza vijiko vinane, akanibebea vyote vilivyokuwa jikoni. Alikuwa amehifadhi majina ya nambari, basi.

Tangu hapo natumia tende. Weka saba kwenye sinia, umwambie azihesabu kwa kugusa. Tazama kidole, usisikilize mdomo. Akiruka moja, au akigusa moja mara mbili, umeshajua pa kuanzia. Akifika mwisho muulize, "Ziko ngapi?" Akijibu saba, ameelewa kwamba nambari ya mwisho ndiyo idadi. Akianza kuhesabu upya, bado. Halafu zitawanye tende zile zile sinia nzima, umuulize kama zimeongezeka. Watoto wengi wa umri huo husema ndiyo, na si ujinga, ni umri. Mtoto wa miaka mitano anayefika kumi kwa kugusa, kitu kimoja nambari moja, hana tatizo la hesabu, hata kama mtoto wa jirani anaimba mpaka mia mbili.

Lugha ipime kwa lugha ya nyumbani. Nimeona mtoto anayezungumza Kimvita tangu alfajiri mpaka usiku akiulizwa rangi kwa Kiingereza, akanyamaza, mamake akaandika hajui rangi. Muulize leso ya bibi ina rangi gani, utasikia. Msimulie kisa kifupi cha sungura na fisi, kisha umuulize nani alifanya nini na kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo inayokuonyesha kama alikuwa akifuata. Baada ya hapo mpigishe makofi kwa silabi: na-zi mara mbili, sa-ma-ki mara tatu. Muulize jina la kitu kinachoanza kama "papa". Akisema paka au pilau, sikio lake liko tayari kwa ba, be, bi, hata kama bado hajui sura ya herufi b. Mtoto anayetambua herufi zote kwa macho lakini hasikii sauti ndani ya neno atakwama pale utakapomtaka aziunganishe.

Watoto wetu wengi hukutana na alifu chuoni kabla ya kukutana na a. Kwa hivyo akifungua kitabu cha Kiswahili kutoka kulia, usiandike kwamba amechanganyikiwa. Anajua vitabu vinafunguliwa, na anajua maandishi yana upande wa kuanzia. Muonyeshe tu kwamba hiki kinaanzia kushoto. Herufi za kugeuka kama kwenye kioo pia ni kawaida miaka hii.

Mikono huhitaji kupimwa kabla ya kalamu. Anafunga vifungo vya nguo yake? Anakata karatasi kwa makasi? Anafinyanga donge la unga likawa kitu? Mwambie achore mtu: wa miaka minne huchora kichwa na viungo viwili vitatu, inatosha. Akishika kalamu kwa mkono wa kushoto, muache. Kula kwa kulia ni adabu tunayomfundisha, lakini mkono wa kuandikia hauchagui yeye wala wewe, na kumlazimisha kunamchosha bure.

Tazama pia kama anakwenda msalani peke yake, anangoja zamu, na anaweza kukaa dakika tano mpaka kumi kwa kazi moja. Dakika za televisheni hazihesabiwi.

Sasa lile la pili. Binti yangu alikuwa haitiki akiitwa. Bibi yake akasema ana kiburi, nami nikaanza kuamini, nikamkemea zaidi ya mara moja. Katika kumpima nilisimama nyuma yake nikamwambia kwa sauti ya chini, "Njoo uchukue halua." Hakugeuka. Mtoto gani hageuki kwa halua? Hospitalini daktari alikuta majimaji nyuma ya ngoma za masikio yote mawili, mabaki ya mafua yaliyokuwa hayamwishi. Yalikauka baada ya miezi kadhaa. Lakini ningeanza masomo bila kujua, ningemfundisha sauti za silabi mtoto asiyezisikia, kisha nimwite mzito.

Basi anza na masikio na macho. Nong'ona ukiwa nyuma yake, muonyeshe mashua iliyo mbali umuulize anaona nini. Kile kijitabu cha mama na mtoto cha kliniki, ambacho wengi tunakifungia kabatini chanjo zikiisha, kina ukurasa wa hatua za ukuaji. Ukiona mtoto yuko nyuma sana, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, usingoje. Nenda hospitali, na uulize ofisi ya elimu kilipo kituo cha EARC kilicho karibu. Hao kazi yao ni kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu.

Upimaji wenyewe usiufanye mtihani. Mimi nilitumia wiki mbili, dakika kumi kwa siku, asubuhi ameshakunywa chai, na nikaacha kila alipochoka. Usimwambie "umekosa". Andika tarehe na alichofanya hasa: "amegusa tende saba, akarudia moja", si "hesabu mbovu". Rudia baada ya miezi mitatu.

Ukishajua alipo, linganisha na mtaala wa serikali: PP1 ni ya miaka minne, PP2 mitano, gredi ya kwanza sita. Anaweza kuwa PP2 kwa lugha na PP1 kwa hesabu, na faida ya nyumbani ni kwamba unaweza kumfundisha hivyo hivyo. Ila kabla ya kufika gredi ya kwanza, pita ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako ueleze mpango wako na uulize unatakiwa ufanye nini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamlazimu mzazi kuhakikisha mtoto anasoma, na daftari lako la tarehe ndilo utakalobeba siku hiyo.