Hukumu ya Wasiomcha Mungu katika Waraka wa Yuda na Urithi wa Kitabu cha Henoko

Fundisho la Kikristo kuhusu hukumu ya wasiomcha Mungu lina mizizi katika maandiko ya Kiyahudi. Waraka wa Yuda, aya ya 14 na 15, unanukuu sura ya 1 ya Kitabu cha Henoko, andiko ambalo vipande vyake vya Kiaramu vilipatikana Qumran na ambalo Kanisa la Ethiopia limelihifadhi kikamilifu kwa Kigeezi. Katika Henoko, ajaye kuhukumu ni Mungu. Yuda anamtaja “Bwana”, jina ambalo wasomaji wake walilielewa kuwa la Kristo.

Nukuu hiyo ilizua mabishano. Tertullian aliitumia kutetea mamlaka ya Henoko. Jerome, kwa upande wake, alieleza kuwa wengi waliukataa Waraka wa Yuda kwa sababu hiyo hiyo, ingawa ulikwisha kupata heshima kutokana na ukale na matumizi yake.

Mabishano hayo yamefunika suala la msingi: waovu wanaolengwa na Yuda wanashiriki karamu za upendo za kanisa lenyewe. Hivyo basi, hukumu hiyo ilihubiriwa kwanza kama onyo kwa waliomo ndani.