Kitenge cha Urafiki, Usiku wa Mchezo

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, vimini, mawigi, suruali za kubana na mafuta ya kuchubua ngozi vingekuwa marufuku. Tarehe yenyewe haijafika, tayari wasichana walikuwa wakizongwa Kariakoo kwa sababu ya nguo zao. Mimi nilifika Mlimani, chuoni Dar es Salaam, mwaka 1970, mwaka ule ule Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipovunjwa na chuo chetu kikaanza kujitegemea. Tulijua kwamba msichana akitoka bwenini jioni, nguo yake inatazamwa kabla ya uso wake.

Majoho ya chuo nayo yalikuwa na historia yake. Oktoba 22, 1966 wanafunzi walioandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa walikwenda Ikulu wakiwa wamevaa majoho ya chuo. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400. Baada ya hapo, vazi la msomi lilionekana kuwa vazi la majivuno. Basi siku ya kwenda kutazama mchezo wa kuigiza, mwanafunzi avae nini?

Sisi tulivaa kitenge cha Urafiki. Kiwanda kilikuwa Ubungo, jirani kabisa na chuo, kimefunguliwa 1968 kwa msaada wa China. Kitenge kipya kilikuwa kigumu kwa wanga, kwa hiyo tulikiloweka usiku kucha kisije kikarudi baada ya kushonwa. Fundi cherehani wa Kariakoo alikupima kwa utepe uliofutika namba, akakuuliza mara mbili kama kweli unataka gauni lipite magoti. Kipande kilichobaki hakikutupwa. Ndicho kilichokuwa kilemba. Wasiopenda kilemba walisukana wenyewe kwa wenyewe, twende kilioni kwa aliyechelewa, nywele za uzi kwa aliyeanza mapema.

Kazi kubwa ilikuwa pasi ya mkaa. Unaipunga nje mpaka mkaa uwake vizuri, unapuliza majivu yote, kisha unaijaribu kwanza kwenye kitambaa kikuukuu chenye unyevu. Cheche moja tu ikidondoka, gauni la miezi ya kubana posho limetoboka. Wavulana walipanga foleni kusubiri pasi hiyo hiyo, na suti zao za Kaunda mkononi.

Wako waliotuambia kwamba kujipamba kwa ajili ya jukwaa ni desturi ya wakoloni, ya akina bwana na bibi waliokwenda kwenye kumbi zao na tai shingoni. Sikukubali, wala leo sikubali. Pwani hii watu walijipamba kwa ajili ya burudani kabla hatujajua jengo linaloitwa ukumbi wa tamthilia. Katika ngoma ya beni, iliyoenea kuanzia miaka ya 1890, vikundi vya Marini na Arinoti vilishindana kwa sare kama vilivyoshindana kwa muziki. Wanawake wa ngoma ya lelemama walivaa kanga za aina moja. Nani amewahi kwenda kwenye taarabu na nguo ya shambani? Anayekuja kutazama naye ana mchango wake, na mchango huo huanzia mwilini.

Kilichonifungua macho ni Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa 1969. Inahusu Vita vya Majimaji. Mwanzoni kabisa wanawake wanalalamikia njaa, kwa kuwa waume zao wanafanyishwa kazi kwenye shamba la Bwana Kinoo. Historia yenyewe inajulikana: Wajerumani waliwalazimisha watu kulima pamba kwa viboko na ujira usiofaa kitu, na Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, watu waling'oa miche ya pamba. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao ya vita.

Nilipokuwa nikitazama mchezo huo nilishika pindo la gauni langu. Ilikuwa pamba, iliyofumwa Ubungo, katika kiwanda cha nchi yetu. Wale waliochapwa kwa ajili ya zao hilo hawakulivaa. Lilipakiwa melini likaenda zake. Sisi wajukuu wao tulikaa tumependeza kwa pamba, tukasikiliza kisa chao kwa Kiswahili.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wa leo wanaokwenda kwenye tamthilia na nguo yoyote iliyo karibu: jipambeni. Hamtakuwa mnamwiga mtu. Wasanii wamekesha wakifanya mazoezi, na kisa wanachokiigiza mara nyingi ni cha babu zenu. Aliyealikwa kwenye jambo zito huvaa nguo inayolingana nalo; hiyo ni adabu yetu, na tunayo tangu zamani.