Inchi Kumi

Mwishoni mwa mwaka 1956, petroli nchini Uingereza ilianza kuuzwa kwa mgao. Gamal Abdel Nasser alikuwa ametaifisha Mfereji wa Suez mwezi Julai, vita ikafuata, mfereji ukafungwa, na kuanzia Desemba hadi Mei 1957 dereva wa London hakuweza kununua mafuta kadiri anavyotaka. Barabarani vikaongezeka vigari vya Kijerumani vyenye umbo la yai, na Leonard Lord, mkuu wa kampuni ya British Motor Corporation, alivichukia. Akamwita mbunifu wake Alec Issigonis, mzaliwa wa Smyrna, mji ambao leo ni Izmir nchini Uturuki, akamtaka atengeneze gari dogo ambalo ni gari kweli. Injini ingekuwa ileile ambayo kampuni ilikuwa nayo tayari.

Gari hilo, Mini, lilitoka Agosti 1959 likiwa na urefu wa mita tatu na kitu kidogo tu. Wengi wanakumbuka kwamba injini yake ililazwa kiupande. Mimi nimevutiwa na magurudumu yake. Rimu zilikuwa za inchi 10, ndogo kiasi kwamba kampuni ya Dunlop ililazimika kuyaunda matairi yake upya. Issigonis hakuchagua udogo huo kwa ajili ya sura. Kila gurudumu linahitaji chumba cha kuzungukia, kupandia na kushukia, na chumba hicho hukatwa kutoka kwenye miguu ya abiria na mizigo yao. Alipolipunguza gurudumu, aliwarudishia watu nafasi.

Likabaki tatizo la springi. Mini tupu ilikuwa na uzito wa takriban kilo 600. Weka watu wanne na mabegi yao, umeongeza zaidi ya nusu ya uzito huo. Springi laini inayomfaa dereva aliye peke yake italala chini familia ikipanda, na springi ngumu inayoimudu familia itamrusharusha dereva akiwa peke yake. Alex Moulton, mhandisi ambaye ukoo wake ulikuwa na kiwanda cha mpira, alileta koni za mpira badala ya springi za chuma. Mpira una tabia nzuri: kadiri unavyoubana ndivyo unavyozidi kukaza. Koni ile ilikuwa ndogo, iliingia mahali ambapo springi ya kawaida isingeingia, na iliongeza ubishi kadiri mzigo ulivyoongezeka.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na habari hizi hazimo katika tasnifu yangu. Nimezifuata kwa sababu nyumbani kwetu Morogoro kuna Vitz moja na watu watatu wenye haki juu yake. Kaka yangu huitumia kubeba abiria siku za kazi. Mama huihitaji kupanda Mgeta, kwao, anakotoka na viazi, njegere na kabichi. Mimi huipata kwa bahati. Mwaka huu shokapu za mbele zilianza kuvuja mafuta na matairi yakaisha kwa pamoja. Fedha tuliyoichanga ilitosha kufanya jambo moja vizuri, au mambo mawili vibaya. Kaka alitaka rimu za inchi 15 zenye matairi membamba ubavuni, maana abiria, alisema, hulitazama gari kabla hawajamtazama dereva. Mama alitaka gari lipandishwe lisikwaruze tumbo. Fundi alisema yote yanawezekana.

Hilo la kwamba yote yanawezekana ndilo lililonirudisha kwenye vitabu.

Chukua mfano wa Ufaransa. Katikati ya miaka ya 1930, Pierre-Jules Boulanger wa kampuni ya Citroën aliagiza gari la wakulima: libebe watu wawili na kilo 50 za mazao kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na liweze kukatiza shamba lililolimwa na kapu la mayai bila yai kupasuka. Vita Kuu ya Pili ikachelewesha kazi, na 2CV ikaonyeshwa Paris mwezi Oktoba 1948. Magurudumu yake yalikuwa kinyume kabisa cha yale ya Mini: marefu na membamba, yenye nafasi kubwa ya kupanda na kushuka. Gurudumu la mbele na la nyuma la kila upande liliunganishwa kwa springi, hivyo la mbele likigonga tuta, la nyuma hupata habari mapema na gari haliinamii mbele. Watu wa mjini waliicheka, wakulima wakaingia kwenye foleni ya kuisubiri.

Magari haya mawili yalikuwa madogo na ya bei nafuu, lakini kila moja lilijibu swali lake. Boulanger aliuliza njia ikoje, Issigonis akauliza watu watakaa wapi. Hakuna aliyepata vyote. Rimu ya inchi 10 haikuwa na nafasi ya breki kubwa, na Mini ilipopewa diski kubwa zaidi za mbele mwaka 1984, ilibidi magurudumu yaongezwe hadi inchi 12. Nayo 2CV ililalia upande kwenye kona kiasi cha kumtisha mgeni.

Vitz yetu ina historia yake pia. Kule mbele, springi na shokapu ni kitu kimoja kilichosimama wima, na kwa juu kimefungwa kwenye bodi. Mpangilio huo unaitwa kwa jina la Earle MacPherson, Mmarekani aliyeuendeleza alipokuwa akibuni gari dogo la Chevrolet lililoitwa Cadet. Mradi ule ulifutwa mwaka 1947, gari halikuuzwa hata moja. MacPherson akahamia Ford, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 mpangilio wake ukawa chini ya Consul na Zephyr za Uingereza. Leo magari madogo mengi duniani yanasimama juu ya wazo la gari ambalo halikuzaliwa. Sifa yake ni uchache wa vipande: shokapu hiyohiyo inayotuliza springi ndiyo pia inayoshikilia gurudumu lisimame wima.

Sifa hiyo ndiyo inayofanya kupandisha gari kuwe rahisi, na kuwe na gharama. Spesa ni kipande kinachowekwa juu ya shokapu, kati yake na bodi. Gari huinuka siku hiyohiyo. Lakini springi haijabadilika, wala urefu wa mwendo wa shokapu haujaongezeka. Kilichobadilika ni pembe. Mikono ya chini inaelekea chini zaidi, shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu zinafanya kazi zikiwa zimepinda zaidi, na viungo vyake vinalika mapema. Gurudumu nalo linabadili mwelekeo wake, hivyo bila alaimenti, matairi mapya yataliwa upande mmoja. Kitovu cha uzito kimepanda, na kwenye kona za kushuka milimani hilo si jambo la nadharia.

Mama hakuwa anaota, hata hivyo. Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Mashindano yaliyokuja kuitwa Safari Rally yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1974, na tena 1976, Joginder Singh wa Kenya alishinda akiwa na Mitsubishi Lancer, gari dogo lenye injini ya sentimita za ujazo 1600. Magari ya Safari yaliinuliwa, ndiyo, lakini hayakuinuliwa tu. Yaliwekewa springi na shokapu za kazi hiyo, bodi ikaimarishwa, na chini ya injini ikafungwa ngao ya bamba. Aliyeyatazama kutoka kando ya barabara aliona kimo. Mafundi waliona mambo yote yaliyokifanya kimo hicho kiwezekane.

Rimu za kaka nazo nilizipigia hesabu. Tairi letu ni 175/65R14. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni asilimia ya upana huo inayokuwa kimo cha ubavu, ya mwisho ni rimu kwa inchi. Ubavu ni milimita 114, kimo cha tairi zima milimita 583. Tairi alilolitaka, 195/50R15, lina ubavu wa milimita 98 na kimo cha milimita 576. Maana yake rimu inakua, gari linashuka! Kinachopungua ni mpira ulio kati ya shimo na rimu. Na ikiwa rimu ni nzito kuliko ya zamani, uzito huo unaongezeka mahali pabaya, chini ya springi, ambako shokapu peke yake ndiyo inayohangaika kuutuliza kila tuta linapopita.

Tukaangalia pia 185/65R15. Kimo chake ni milimita 622, kwa hiyo gari linapanda milimita 19. Lakini spidomita ikisema 80, mwendo halisi utakuwa zaidi ya 85, na injini ndogo itahisi kama imeongezewa gia ndefu kwenye kila mlima wa Mgeta.

Nilipomweleza fundi, alicheka. "Dada, wewe umesoma. Watu wakija hapa wanataka gari lipendeze au lipite, mimi nawapa."

Sikuona kosa katika jibu lake. Yeye na wenzake wanamalizia kazi ambayo mbunifu wa gari aliiacha. Gari lililobuniwa kwa lami ya Japani likifika kwenye njia ya mawe, lazima mtu alirekebishe, na mtu huyo hana maabara, ana jeki na uzoefu. Vijana wa Japani waliokata springi ili magari yao yaburuze tumbo, na madereva wetu wanaoweka spesa, wote wanabishana na mbunifu yuleyule. Tofauti ni kwamba Issigonis alijua anachokitoa ili apate anachokitaka. Sisi mara nyingi tunaonyeshwa tutakachopata tu, na gharama tunaikuta barabarani.

Mwishowe tulibaki na rimu zetu za inchi 14. Tulinunua shokapu mpya za mbele, bushi mpya, na matairi ya 175/70R14. Ubavu umekuwa milimita 122 na nusu, gari limepanda karibu milimita 9, spidomita inapishana na ukweli kwa asilimia 3. Kabla ya kulipa tulikaa ndani watu wanne, kaka akakata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto huku fundi akiwa amelala chini akitazama kama tairi linagusa popote. Halikugusa. Chini ya injini tulifunga bamba, na baadaye tukapima alaimenti.

Milimita 9 hazimtoshi mama kwenye kila jiwe la Mgeta. Bado anashuka mahali pamoja na kutembea hatua chache wakati gari linapita jepesi. Kaka bado ana picha za rimu kwenye simu yake. Analalamika kwamba fedha yote imeishia mahali ambapo abiria haoni, na ni kweli, haonekani anayeisifu shokapu. Lakini juzi alibeba trei tatu za mayai kutoka sokoni mpaka kwa mteja, njia ya matuta, akarudi akasema hakuna aliyedai yai lililopasuka. Nikamwambia habari za Boulanger. Akauliza gari hilo la Mfaransa lilikuwa na rimu za inchi ngapi.