Hazina ya Murumbi na Makao Yake

Mzee akifa, jamaa hukusanyika kugawa mali yake. Shamba lina mipaka, ng'ombe wana idadi, na fedha huhesabika. Kwa hiyo mambo hayo, ijapokuwa mara nyingi huzua ugomvi, yana njia ya kuamuliwa. Lakini viko vitu vingine ambavyo mgawaji hajui avitie fungu gani: ni vile ambavyo marehemu alivikusanya kwa mapenzi. Huenda ni stempu za posta, au vigoda vya kale, au shanga, au vitabu vilivyoliwa na mende. Aliyevikusanya alijua kila kimoja kilitoka wapi na kwa nini alikitaka. Akiondoka yeye, elimu hiyo huondoka naye, na mbele ya warithi husalia masanduku na vumbi. Je, vitu hivyo vipelekwe wapi? Swali hili si la nyumba moja tu. Liliwahi kuwa swali la taifa letu, nami nitalieleza kwa habari za mtu mmoja.

Joseph Murumbi alizaliwa mwaka 1911. Baba yake alikuwa mfanya biashara Mgoa, na mama yake alikuwa Mmaasai. Akingali mtoto alipelekwa Bara Hindi kusoma, akarejea Kenya akiwa kijana. Viongozi wa chama cha Kenya African Union walipotiwa mbaroni mwaka 1952, yeye alishika kazi ya ukatibu wa chama. Kisha akaenda ng'ambo kuitetea nchi yake, akakaa Uingereza hata mwaka 1962. Baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, na mwaka 1966 akawa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya. Hakumaliza mwaka katika cheo hicho, akajiuzulu.

Watu wengi huacha cheo wakawa hawana kazi. Murumbi alikuwa nayo, tena kubwa. Yeye na mkewe Sheila walikusanya vinyago, nguo, vito, stempu, barua na vitabu vya Afrika. Vitabu vyake vilivyopigwa chapa kabla ya mwaka 1900 peke yake huhesabiwa kuwa zaidi ya 8,000. Usidhani huo ulikuwa mchezo wa tajiri. Mwaka 1897 askari wa Kiingereza waliuteka mji wa Benin, wakachukua maelfu ya kazi za shaba na pembe, zikatawanywa katika majumba ya Ulaya. Vivyo hivyo vitu vingi vya bara letu vilisafiri bila wenyewe. Mwafrika aliyetaka kuiona sanaa ya babu zake ilimpasa apande meli. Murumbi alitaka mtoto wa Kenya aione kwao.

Lakini mtu hufa, na Murumbi alilijua hilo. Hakungoja mauti yamwamulie. Katika miaka ya 1970 alikubaliana na Serikali ya Kenya iichukue hazina yake pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, ili pawe chuo cha kuchungulia mambo ya Afrika. Alikuwa amefanya yote apasayo mwenye busara kufanya. Hata hivyo chuo hakikusimama. Nyumba ilibomolewa, na miti aliyoipenda ikakatwa. Vitabu na vinyago vikahamishiwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965. Murumbi alifariki mwaka 1990, naye Sheila akamfuata mwaka 2000.

Hapo ndipo rafiki alipohitajika. Alan Donovan, Mmarekani aliyeanzisha pamoja na Murumbi jumba la sanaa la African Heritage mjini Nairobi, alijitwika kazi ya kuvitafutia makao vile vilivyosalia. Tangu mwaka 2013 sehemu yake imewekwa katika Nairobi Gallery, jengo la mwaka 1913 ambamo zamani serikali iliandikisha waliozaliwa, waliooana na waliokufa. Naye Donovan alifariki mwaka 2021, lakini kazi ilikuwa imekwisha fanyika.

Je, tuseme nia ya Murumbi ilishindwa? Kwa upande mmoja, ndiyo: alitaka vyote vikae chini ya dari moja, navyo vimegawanyika. Kubomoa nyumba ile kulikuwa hasara isiyolipika. Lakini fikiri tena. Muthaiga ni mtaa wa matajiri, wenye ua mrefu na malango. Hifadhi ya Nyaraka iko Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya, mahali ambapo wachuuzi, makarani na wanafunzi hupita kwa maelfu kila siku. Mtoto ashukaye kwenye matatu aweza kuingia akaona alichokusanyiwa.

Basi tujifunze nini? Kwanza, mwenye vitu avichagulie makao angali hai. Pili, makao si kuta. Makao ni mtu au watu watakaovijali, maana kuta huanguka. Tatu, wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kigoda kisicho na habari zake ni gogo tu.

Nawe msomaji, likizo ikifika, mwendee bibi yako, umwombe akuonyeshe kitu kimoja anachokithamini. Mwulize kilitoka kwa nani, na baada yake angependa kikae kwa nani. Andika majibu yake katika daftari, utie na tarehe. Siku ya kugawa itakapofika, jamaa watakapokitazama kitu hicho wasijue cha kukifanya, wewe utakuwa na la kusema.