Faili na Viboko wa Mto Katuma

Wakati wa kiangazi, maji ya Mto Katuma yapunguapo, viboko wa Katavi husongamana katika madimbwi machache yaliyosalia. Mtu wa Mpanda husema kwamba viboko wamelala, wala hasemi vimelala, maana kauli hiyo ya pili ingefaa viboko vya kuchapia. Kiambishi kimewapa mnyama na mjeledi umbo moja, lakini upatanisho wa sentensi umekataa kuwachanganya.

Historia ya kompyuta ina jambo lililo karibu sana na hilo. Mwaka 1969, katika maabara ya Bell nchini Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda mfumo wa uendeshaji ulioitwa Unix. Walikata shauri kwamba hata vyombo, kama vile utepe na mashine ya kuchapa, vipewe majina ya faili. Kufungua, kusoma, kuandika, kufunga: kwa vitenzi hivyo vinne programu iliyozoea diski iliweza kutumia chombo kingine bila kubadilishwa. Faida yake ilikuwa kubwa mno.

Walakini vitu vyenyewe havikutii vyote. Utepe hutaka kurudishwa mwanzo. Simu ya maandishi hutaka kupangiwa kasi. Na hayo si kusoma wala kuandika. Ndipo Toleo la Saba la mwaka 1979 lilipoleta wito uitwao ioctl, ambao kwa hakika ni kapu la kila amri iliyokosa mahali. Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kikatoa soketi za mtandao. Soketi hupewa nambari kama faili, na husomeka kama faili. Lakini haifunguliwi kama faili, bali huunganishwa au husikiliza, na yaliyokwisha kusomwa humo hayarudiwi. Hiyo ndiyo kiboko: umbo la ngeli moja, upatanisho wa nyingine. Maabara ya Bell ilijaribu tena kuurudisha mtandao chini ya faili katika mfumo wa Plan 9, ambao haukuenea.

Kwa karani wa Mpanda, faili ni jalada: aliachalo leo kabatini atalikuta kesho. Mwanafunzi aliyefundishwa tu kwamba soketi ni faili atataka kurudi ukurasa wa kwanza, na mashine itamjibu kwamba amekosea. Kamusi iliyompa neno hilo peke yake imempa kiambishi, ikamnyima upatanisho. Yafaa mtunga kamusi aandike, chini ya kila aina ya faili, vitenzi inavyovikubali.